Shingo Mpya, Bei ya Zamani: Mjadala kuhusu Matengenezo ya Magitaa ya Kale

Katika biashara ya magitaa ya kale, yaani magitaa yaliyotengenezwa Marekani hasa kati ya miaka ya 1920 na katikati ya miaka ya 1960, ambayo leo huuzwa kwa bei inayopita kwa mbali ile ya magitaa mapya, ipo kanuni ya mazoea inayojulikana kwa kila muuzaji ingawa haikuandikwa katika sheria yoyote: gitaa likipakwa rangi upya, bei yake hushuka kwa takribani nusu. Kanuni hiyo haiulizi kama rangi ya pili imepakwa vizuri kuliko ya kwanza, wala kama gitaa lilikuwa limechubuka kiasi cha kutia huruma kabla ya kupelekwa kwa mpakaji. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini katika soko hili kipya ndicho kidonda chenyewe. Kama hukumu hiyo ni ya haki, na kama inapaswa kuyahusu matengenezo yote au baadhi tu, ndilo suala ambalo sauti nne zinalijadili hapa: Mthamini, ambaye kazi yake ni kukadiria bei, Fundi, anayetengeneza magitaa yaliyoharibika, Mkusanyaji, anayeyanunua na kuyahifadhi, na Mpigaji, anayeyatumia jukwaani. Hakuna kati yao aliye mtu halisi, ila hoja zao husikika karibu kila mara kasha la gitaa la aina hiyo linapofunguliwa mbele ya mnunuzi.

Mthamini anaanza, na hoja yake ni kwamba gitaa la kale halinunuliwi kama chombo cha kutoa sauti peke yake. Mfano wake ni Les Paul Standard zilizotoka katika kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, kati ya 1958 na 1960, zenye uso wa rangi nyekundu ukingoni inayofifia polepole kuelekea katikati hadi kuwa ya njano. Zilizotengenezwa hazikufika 2,000, ziliuzwa zikiwa mpya kwa bei isiyofika dola 300, na leo moja iliyobaki katika hali yake ya asili hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Kampuni hiyohiyo inaendelea kutengeneza nakala zake, ambazo msikilizaji aliyefumba macho anaweza kushindwa kuzitofautisha na za kwanza, na bado bei ya nakala ni sehemu ndogo mno ya bei ya gitaa la asili. Pengo hilo, anasema Mthamini, haliwezi kuelezwa kwa muziki. Mnunuzi analipia uhakika kwamba mbao hizi, waya huu na vanishi hii viliunganishwa katika karakana ile, katika mwaka ule, na kila kipande kinachobadilishwa kinapunguza idadi ya mashahidi wanaoweza kuuthibitisha uhakika huo.

Mashahidi wenyewe ni wengi kuliko mtu wa kawaida anavyodhani. Pikapu, yaani kifaa chenye sumaku na waya uliozungushwa ambacho hugeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, ilibadilika sana katika Gibson baada ya mhandisi wake Seth Lover kubuni aina yenye koili mbili zinazoufuta mvumo wa umeme; zile za mwanzo, zilizoanza kufungwa katika Les Paul mwaka 1957, zilibandikwa chini yake kibandiko cha kutangaza kwamba hataza ilikuwa imeombwa, na jozi moja ya pikapu hizo pekee, bila gitaa, huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa upande wa magitaa ya Fender yaliyotengenezwa Fullerton, California, wafanyakazi waliandika tarehe kwa penseli kwenye kitako cha shingo, mahali pasipoonekana mpaka shingo ifunguliwe, na vifaa vya ndani vya kupandishia na kushushia sauti vimepigwa mhuri wa tarakimu zinazotaja kiwanda, mwaka na juma vilipotengenezwa. Lehemu iliyoguswa mara ya pili huonekana kwa jicho lililozoea. Vanishi ya nitroselulosi ya miaka ya 1950, ikimulikwa kwa taa ya miali ya urujuanimno, hung'aa kwa rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, ilhali sehemu iliyopakwa juzi hubaki nyeusi kama doa. Kwa hiyo mpakaji rangi wa pili, hata awe hodari kiasi gani, amefuta ukurasa ambao hakuna awezaye kuuandika tena.

Fundi hapingi kwamba mashahidi hao wapo, bali anapinga kuwa gitaa linaweza kuhukumiwa kana kwamba ni hati iliyofungiwa sandukuni. Gitaa la nyuzi za chuma, anakumbusha, hubeba mvuto wa zaidi ya kilo 70 saa zote nyuzi zinapokuwa zimekazwa, na mvuto huo haupumziki kwa miaka themanini. Magitaa ya Martin yaliyotengenezwa Nazareth, Pennsylvania, kabla ya 1985 hayakuwa na fito la chuma linaloweza kurekebishwa ndani ya shingo, kwa hiyo baada ya miongo kadhaa tumbo la gitaa huinuka, shingo huinama mbele, na nyuzi huwa juu mno kiasi kwamba vidole haviwezi kuzibana bila maumivu. Tiba yake ni kuipachika shingo upya: fundi hupitisha mvuke katika kiungo, ambacho ni ulimi uliochongwa ukapanuka kuelekea mwisho na kuingia katika tundu la umbo hilohilo, gundi ya ngozi za wanyama hulainika, shingo hutoka, pembe yake husahihishwa kwa kunyoa mbao kidogo sana, kisha hurudishwa. Waliolitengeneza gitaa hilo walichagua gundi hiyo na kiungo hicho, na vyote viwili vinafunguka. "Kama waliojenga nyumba waliiwekea mlango," Fundi anauliza, "kwa nini anayeupita mlango huo aitwe mwizi?"

Anaendelea na freti, yaani vipande vyembamba vya chuma vilivyopandwa kwenye ubao wa vidole ili kugawa sauti, ambavyo hulika kwa msuguano wa nyuzi na haviwezi kudumu katika gitaa linalopigwa. Anaendelea tena na vifungo vya plastiki vya vikazio vya nyuzi vya Kluson vya miaka ya 1950, ambavyo husinyaa na kumomonyoka vyenyewe hata gitaa likiwa limelazwa kitandani. Mfano anaoutilia mkazo kuliko yote ni kibao cha kukinga uso wa gitaa dhidi ya kucha za mpigaji. Kwa miaka mingi Martin walikitengeneza kwa seluloidi na kukibandika moja kwa moja kwenye mbao tupu kabla ya vanishi kupakwa, na kwa kuwa seluloidi hujikunja kadiri inavyozeeka wakati gundi yake imeshikilia uzi wa mbao, uso wa gitaa hupasuka kandokando ya kibao hicho. Mwenye gitaa aliyeambiwa kwamba kila kitu lazima kibaki kama kilivyotoka kiwandani ataukodolea macho ufa ukirefuka mwaka baada ya mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, anasema Fundi, na kwa mara moja methali hiyo inatumika katika maana yake halisi.

Hapo Mthamini analegeza msimamo, na kulegeza kwake ndiko kunakoufikisha mjadala mahali penye manufaa. Anakubali kwamba soko lenyewe, ingawa husemwa kuwa linaabudu uasili, halikati bei kwa usawa. Shingo iliyopachikwa upya kwa ustadi haipunguzi thamani ya Martin ya miaka ya 1930, na mara nyingi humfanya mnunuzi alipe kwa moyo mweupe zaidi kwa kuwa gharama hiyo imeshalipwa na mwingine. Freti mpya zilizopandwa vizuri hupunguza kidogo au hazipunguzi kabisa. Ufa uliozibwa bila kuongezewa rangi husamehewa. Kinachoadhibiwa vikali ni rangi mpya, mbao zilizochimbwa ili kuingiza kifaa kisichokuwapo, na kichwa cha gitaa kilichovunjika.

Suala la kichwa kilichovunjika linastahili kukaliwa, kwa sababu ndipo Fundi na Mkusanyaji wanapotofautiana kwa dhati. Kichwa ni sehemu ya juu ya shingo inayoshika vikazio vya nyuzi, na katika Gibson za miaka ya 1950 kilichongwa kutoka katika kipande kilekile cha mahogani kama shingo, kikalazwa nyuma kwa takribani digrii 17, huku nyuma ya kizingiti cha nyuzi, yaani kipande chembamba ambapo nyuzi hupita kuingia kichwani, mbao zikipunguzwa tena kwa tundu la kufikia fito la chuma. Matokeo yake ni kwamba sehemu nyembamba kuliko zote ndiyo inayopokea kishindo chote gitaa linapoanguka chali, na uzi wa mbao mahali hapo unakatiza badala ya kufuata urefu. Gitaa likivunjika hapo, likagundishwa, bei yake hupotea kwa asilimia 40 hadi 50. Fundi analiona jambo hilo kuwa ni ushirikina wa bei, kwani mpasuko mrefu uliofungwa kwa gundi nzuri huwa imara kuliko mbao zilizo kando yake, sauti haibadiliki kwa namna inayoweza kusikika, na sehemu zote za asili bado zipo. Hakuna kilichotolewa wala kilichoongezwa isipokuwa tone la gundi. Mkusanyaji anajibu kwamba mnunuzi hawezi kuona ndani ya mpasuko, wala hajui kama fundi wa zamani alitumia gundi inayofunguka au aliumimina ndani utomvu wa eposi ambao hautoki tena, na kwamba anayeuza hatari lazima aiuze kwa punguzo.

Mpigaji, ambaye hadi sasa alikuwa kimya, anacheka. Kwake yeye ushirikina huo ni neema, maana ndio pekee unaomwezesha mwanamuziki asiye tajiri kushika gitaa la 1959 mkononi. Mabwana hawa, anasema, wagombanie rangi na vikazio kadiri wapendavyo, na kila gitaa watakalolishusha thamani kwa mabishano yao litarudi jukwaani lilikotakiwa kuwa.

Mpigaji ndiye pia anayeleta ushahidi unaoelekea kuuvunja msimamo wote wa Mthamini. Mwaka 2004 nyumba ya mnada ya Christie's mjini New York iliuza gitaa la mwanamuziki Eric Clapton lililoitwa Blackie kwa dola 959,500, na gitaa hilo halikutoka kiwandani likiwa zima hata siku moja: liliunganishwa kutokana na vipande bora vya Stratocaster kadhaa za Fender za miaka ya 1950 ambazo Clapton alizinunua Nashville mwaka 1970. Mwaka 2019 nyumba hiyohiyo iliuza Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa kundi la Pink Floyd kwa dola 3,975,000, na gitaa hilo lilikuwa limebadilishwa shingo zaidi ya mara moja, limebadilishwa pikapu, limetobolewa na kuzibwa, na weusi wake wenyewe ulipakwa juu ya rangi nyingine. Kwa kanuni ya Mthamini, magitaa hayo mawili yalipaswa kuuzwa kwa bei ya kuni.

Jibu la Mthamini ni la haraka, nalo linaridhisha. Katika Stratocaster ya Gilmour, kila tundu lililozibwa ni kumbukumbu ya kazi ya Gilmour, na mabadiliko yake yameandikwa, yamepigwa picha na yanaweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka. Kulirudishia hali ya kiwandani kungekuwa ndiko kuliharibu. Vivyo hivyo, Les Paul ya 1959 iliyopita mikononi mwa wapigaji gitaa Peter Green, kisha Gary Moore, na tangu 2014 Kirk Hammett, inajulikana kwa sauti ya pua inayotokana na sumaku ya pikapu moja iliyogeuzwa, na hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuigeuza irudi sawa. Hakuna ukinzani hapo. Kipande kipya chenye historia ni shahidi, na kipande kipya kisicho na historia ni bubu. Kanuni ya soko, ikisomwa vizuri, haikatazi kubadilisha. Inakataza kufuta, na mwandishi yeyote wa orodha ya bei anayeorodhesha makato bila kueleza hilo anawapotosha wasomaji wake.

Fundi anaipanua hoja hiyo kwa kuvuka kutoka kwenye gitaa hadi kwenye fidla. Antonio Stradivari wa Cremona alifariki mwaka 1737, na katika miongo iliyofuata muziki ulihamia kwenye kumbi kubwa zilizohitaji sauti yenye nguvu na nyuzi zilizokazwa zaidi, kwa hiyo mafundi walizitoa shingo za fidla zake karibu zote, wakaweka nyingine ndefu zaidi na zilizolazwa nyuma, wakabadilisha hata ufito wa ndani unaoshikilia uso, na mara nyingi wakakiokoa kichwa kilichochongwa na Stradivari mwenyewe kwa kukipandikiza juu ya shingo mpya. Hakuna mnunuzi leo anayedai punguzo kwa sababu hiyo. Ikiwa fidla ya Stradivari inaweza kuwa na shingo ya fundi mwingine na bado ikauzwa kwa mamilioni, anauliza Fundi, ni sababu gani inayolifanya gitaa la Leo Fender, ambalo shingo yake inashikwa na skrubu nne na ilibuniwa makusudi ili ibadilishwe kwa dakika chache, lipoteze sehemu kubwa ya thamani yake kwa kubadilishwa shingo?

Mkusanyaji anakubali mfano huo kisha anaugeuza. Fidla iitwayo Lady Blunt, iliyotengenezwa na Stradivari mwaka 1721, iliuzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 9, na sababu mojawapo kuu ya bei hiyo ni kwamba haikupigwa sana, hivyo vanishi yake imebaki kwa wingi usio wa kawaida. Wauza fidla, kwa hiyo, wamesamehe shingo lakini hawajasamehe vanishi. Tena walihitaji karne mbili kufikia msamaha huo, na waliufikia kwa sababu hakuna aliyebakiwa na fidla zisizoguswa za kutosha kulinganisha. Magitaa ya asili yasiyoguswa bado yapo, na maadamu yapo, yaliyoguswa yatapimwa dhidi yake. Hoja hii ya Mkusanyaji ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizotolewa katika mjadala, ingawa yeye mwenyewe haelekei kuona inampeleka wapi: kama uhaba ndio unaoamua, basi makato ya leo ni hali ya soko katika kipindi fulani, hayatokani na asili ya chombo, na yatapungua kadiri magitaa yanavyozeeka.

Kuhusu matengenezo yanayokusudia kuboresha, sauti zote nne zinakubaliana kwa haraka. Martin iliacha mwaka 1944 kuzichonga mbavu za ndani ya uso wa gitaa ziwe na mbonyeo, na tangu hapo wapo mafundi waliozichonga mbavu za magitaa ya miaka ya 1950 kwa mkono kupitia tundu la sauti ili kuzirudisha katika hali ya zamani. Sauti huenda ikafunguka, lakini mbao zilizonyolewa hazirudi, na bei hushuka. Wengine walinyoa daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi tumboni, ili kuziteremsha nyuzi bila kulipia gharama ya kuipachika shingo upya. Wengine waliung'oa ubao mwembamba ulio chini ya daraja wakaweka mpana na mzito, wakaulemaza uso. Mafundi hao hawakuwa na nia mbaya, ila walifanya kazi wakati magitaa hayo yalikuwa bado ni magitaa ya mitumba tu.

Lipo eneo moja ambapo kipande kipya kinaweza kulisaidia gitaa kuuzika. Magitaa mengi ya Martin yaliyotengenezwa kabla ya 1969 yana mgongo na mbavu za pembeni za mti wa Brazili uitwao kitaalamu Dalbergia nigra, jamaa wa karibu wa mpingo unaovunwa kusini mwa Tanzania kwa ajili ya klarineti na zumari za Ulaya, na mti huo wa Brazili uliwekwa mwaka 1992 katika kundi linalolindwa vikali kuliko yote chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Gitaa la aina hiyo haliwezi kuvuka mpaka kwa kuuzwa bila hati inayothibitisha umri wa mbao zake. Likiwa pia na kizingiti cha pembe ya ndovu, ugumu unaongezeka. Hapo Mpigaji anayesafiri huona heri kizingiti cha mfupa wa ng'ombe kilichowekwa mwaka jana kuliko cha pembe cha asili, Mkusanyaji asiyesafiri huona kinyume chake, na Mthamini hulazimika kuandika bei mbili.

Shutuma ya mwisho inatoka kwa Fundi, nayo haikupata jibu. Soko likilipa maelfu kwa jozi ya pikapu za 1959, na likimkata nusu ya bei mwenye gitaa lililopakwa rangi, hesabu rahisi inamwonyesha mwenye gitaa hilo kwamba vipande vyake vikiuzwa kimoja kimoja vitazidi bei ya gitaa zima. Hivyo magitaa mazima hufanyiwa kile ambacho wauza vipuri vya magari wa Afrika Mashariki hukiita kuchinja, ili vikazio, pikapu na vifuniko vyake vikalirudishie uasili gitaa lingine ambalo baadaye litatangazwa kuwa halijaguswa. Kanuni iliyowekwa ili kulinda ushahidi inaishia kuuhamisha kutoka gitaa moja hadi jingine, na gitaa linaloupokea ushahidi huo huwa linasema uongo kwa vipande vya kweli. Mthamini anakiri kwamba hana chombo cha kuugundua uongo wa namna hiyo ukifanywa kwa ustadi, isipokuwa lehemu iliyoguswa, tundu la skrubu lililolegea, na uaminifu wa muuzaji.

Uamuzi unaofaa kutolewa, kwa hiyo, ni kwamba Mthamini ana haki juu ya rangi na mbao zilizochimbwa, kwa kuwa hizo ni hasara zisizorudishika, na Fundi ana haki juu ya shingo iliyopachikwa upya, freti na nyufa, ambazo soko linapaswa kuacha kuzitaja kama kasoro. Kichwa kilichovunjika kikagundishwa vizuri kinaadhibiwa kupita kiasi, na anayetafuta gitaa la kupiga badala ya kuweka akiba alitafute hapo kwanza. Mwenye gitaa la kale asitoke karakanani bila maandishi yanayotaja kilichofanywa, gundi iliyotumika na kilichotolewa, wala asimwachie fundi kipande chochote cha zamani, hata kifungo cha plastiki kilichomomonyoka. Kasha la gitaa lina kisanduku chenye mfuniko chini ya mahali shingo inapolala, na vipande hivyo vinatosha humo.